Kuichambua namba 1,234,567,890 kwa kalamu na karatasi: mwongozo kamili

Namba hii husomwa bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, elfu mia tano sitini na saba, mia nane na tisini. Mpangilio wa tarakimu zake unaifanya ionekane kama namba ya mchezo, lakini ndani yake mna namba tasa mbili zenye tarakimu nne kila moja, na kuzifikia bila mbinu sahihi kunaweza kukumalizia siku nzima. Ukishazipata, maswali mengine karibu yote hujibika kwa dakika chache: ina vigawo vingapi, jumla yake ni ngapi, inaandikika kama jumla ya miraba au la, na 1 ikigawanywa kwayo desimali zake huanza kujirudia baada ya tarakimu ngapi. Kwa hiyo nguvu nyingi ziende kwenye kuivunja namba, na kila hatua ya kuivunja ihakikiwe kabla ya kuendelea.

Utahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo cha kawaida. Angalia kwanza kioo cha kikokotoo chako. Vidogo vingi huonyesha tarakimu 8 tu, na namba yetu ina 10. Kama chako ni hicho, gawanya kwa mkono katika hatua ya tatu. Baada ya hapo namba inashuka hadi tarakimu 8 na kikokotoo kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Hatua ya 1: Jumlisha tarakimu

Kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 imetumika mara moja tu. Jumla ni 1+2+3+4+5+6+7+8+9+0 = 45, na 4+5 = 9. Kwa hiyo namba inagawanyika kwa 9 bila baki. Sifa hii haitokani na mfuatano. Namba yoyote yenye tarakimu zote kumi mara moja moja hugawanyika kwa 9, kwa sababu jumla ni 45 hata ukizichanganya vipi. Namba za aina hiyo, zisizoanza na 0, ziko 3,265,920 (yaani 9 mara 9×8×7×6×5×4×3×2×1). Ndogo kuliko zote ni 1,023,456,789 na kubwa kuliko zote ni 9,876,543,210.

Hatua ya 2: Vipimo vya haraka

Tarakimu ya mwisho ni 0, basi inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Tarakimu mbili za mwisho ni 90, na 90 haigawanyiki kwa 4, basi 2 imo mara moja tu. Tarakimu hizo hizo zinaonyesha kwamba haigawanyiki kwa 25, kwa hiyo 5 nayo imo mara moja.

Kwa 7, 11 na 13 usigawanye mara tatu. Pima zote kwa mkupuo mmoja: kata namba katika makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana.

890 − 567 + 234 − 1 = 556

Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001, hivyo 1,000 ina baki sawa na −1 kwa kila moja ya hizo tatu. Sasa gawanya 556 pekee: kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 10. Hakuna hata moja inayoingia. Kosa la kawaida hapa ni kuanza makundi kutoka kushoto (123, 456, 789, 0), na matokeo yake hayana maana yoyote.

Hatua ya 3: Ondoa vigawo vidogo

Gawanya mfululizo, ukiandika kila jibu kwenye mstari wake:

1,234,567,890 ÷ 2 = 617,283,945
617,283,945 ÷ 5 = 123,456,789
123,456,789 ÷ 3 = 41,152,263
41,152,263 ÷ 3 = 13,717,421

Pima tena kila baada ya kugawanya. Jumla ya tarakimu za 41,152,263 ni 24, hivyo 3 inaingia kwa mara ya pili. Jumla ya tarakimu za 13,717,421 ni 26, hivyo 3 imekwisha. Wengi huishia kwenye 3 ya kwanza kisha wanahangaika na 41,152,263 bila kujua bado ina 3 ndani, na wengine huona "9" wakadhani ni kigawo tasa.

Tumefika hapa: 1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 13,717,421.

Hatua ya 4: Vunja 13,717,421

Hapa ndipo kazi ilipo. Njia inayofundishwa shuleni ni kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine: 7, 11, 13, 17, 19 na kuendelea. Ukiifuata utafanikiwa, ila kigawo cha kwanza utakachokutana nacho ni namba tasa ya 504 katika mfuatano wa namba tasa zote. Hayo ni majaribio mia tano na moja ya kugawanya, na kosa moja katikati linakupitisha juu ya jibu bila wewe kujua.

Badala yake tumia mbinu ya Pierre de Fermat, Mfaransa aliyeieleza mwaka 1643 kwa kuvunja 2,027,651,281 kuwa 44,021 × 46,061. Wazo lake ni hili: namba yoyote witiri iliyo zao la vigawo viwili ni tofauti ya miraba miwili, kwa kuwa a² − b² = (a − b)(a + b). Ukimpata a na b, vigawo umevipata.

Fuata hivi:

Tafuta kipeuo cha pili. 3,703² = 13,712,209, nayo ni ndogo kuliko namba yetu. 3,704² = 13,719,616, nayo imezidi. Anza na a = 3,704, namba nzima ya kwanza juu ya kipeuo. Ukianza chini yake, tofauti itakuwa hasi na hakuna mraba utakaopatikana.

Kwa a = 3,704: 13,719,616 − 13,717,421 = 2,195. Je, 2,195 ni mraba? Namba inayoishia na 5 haiwezi kuwa mraba isipoishia na 25. Hii inaishia na 95, basi siyo.

Kwa a = 3,705: 13,727,025 − 13,717,421 = 9,604. Na 98² = 9,604. Ndiyo.

Basi a = 3,705 na b = 98. Vigawo ni 3,705 − 98 = 3,607 na 3,705 + 98 = 3,803.

Majaribio mawili dhidi ya mia tano na moja. Na hata lile la kwanza lingeweza kurukwa. 13,717,421 ikigawanywa kwa 4 inabaki 1 (tazama 21 tu za mwisho). Mraba ukigawanywa kwa 4 hubaki 0 au 1, hivyo ili a² − b² ibaki 1 lazima a awe witiri na b awe shufwa. 3,704 ni shufwa, kwa hiyo haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Kipimo hiki hupunguza kazi kwa nusu katika namba yoyote ile. Kama baki kwa 4 ni 3, geuza: a awe shufwa.

Hakiki kwa kuzidisha: 3,607 × 3,803 = 3,607 × 3,800 + 3,607 × 3 = 13,706,600 + 10,821 = 13,717,421. Imekubali.

Jua pia mipaka ya mbinu hii. Inafaa pale vigawo viwili vinapokaribiana, maana a ni wastani wao na unaanza kumtafuta kutoka kwenye kipeuo cha pili. Hapa wastani ni 3,705 na kipeuo ni takriban 3,703.7, kwa hiyo umbali ni mdogo mno. Chukua 7,000,021, ambayo ni 7 × 1,000,003. Kipeuo chake ni kama 2,646 lakini wastani wa vigawo vyake ni 500,005. Ungetembea karibu nusu milioni ya hatua kwa namba inayovunjika kwa kuigawanya kwa 7 mara moja. Ndiyo maana hatua ya 2 na ya 3 hutangulia: kwanza vigawo vidogo, kisha Fermat kwa kilichobaki. Ukishajaribu a ishirini au thelathini bila mafanikio, rudi kwenye namba tasa za kati.

Hatua ya 5: Thibitisha kwamba 3,607 na 3,803 ni tasa

Usiamini kwa macho. Namba isiyogawanyika kwa tasa yoyote isiyozidi kipeuo chake cha pili ni tasa. Kipeuo cha 3,607 ni 60.06, basi unaishia 59. Kipeuo cha 3,803 ni 61.67, basi unaishia 61. Zote mbili ni witiri, haziishii na 5, na jumla za tarakimu zao (16 na 14) hazigawanyiki kwa 3. Zinabaki tasa kuanzia 7. Haya ni mabaki unayopaswa kuyapata:

Kwa 3,607: 7→2, 11→10, 13→6, 17→3, 19→16, 23→19, 29→11, 31→11, 37→18, 41→40, 43→38, 47→35, 53→3, 59→8.

Kwa 3,803: 7→2, 11→8, 13→7, 17→12, 19→3, 23→8, 29→4, 31→21, 37→29, 41→31, 43→19, 47→43, 53→40, 59→27, 61→21.

Hakuna sifuri popote. Kosa la hapa ni kusahau 61 kwa 3,803 kwa kuwa 3,607 iliishia 59. Kila namba ina kikomo chake.

Sasa uchambuzi umekamilika:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Hatua ya 6: Vigawo vyote

Chukua vipeo (1, 2, 1, 1, 1), ongeza 1 kwa kila kimoja, kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba ina vigawo 48.

Kuviorodhesha, usianze na fujo. Vigawo vya 90 ni 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45 na 90, navyo kwa idadi ni kumi na viwili. Zidisha kila kimoja kwa 1, kwa 3,607, kwa 3,803 na kwa 13,717,421. Kumi na mbili mara nne ni 48, na huwezi kukosa hata kimoja.

Vigawo hivyo huunda jozi 24 ambazo kila moja huzaa namba yenyewe. Jozi iliyo karibu zaidi na mraba hupatikana kuzunguka kipeuo cha pili, ambacho ni takriban 35,136.418. Kigawo kikubwa kabisa kisichozidi hapo ni 9 × 3,803 = 34,227, na mwenzake ni 10 × 3,607 = 36,070. Ukitaka kupanga vitu 1,234,567,890 katika mstatili unaokaribia mraba, hizo ndizo pande zake.

Hatua ya 7: Jumla ya vigawo, na namba zisizoshirikiana nayo kigawo

Kwa jumla ya vigawo, kila namba tasa ina mabano yake: (1+2)(1+3+9)(1+5)(1+3,607)(1+3,803) = 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804. Zidisha tatu za kwanza: 234. Zidisha mbili za mwisho: 13,724,832. Jibu ni 3,211,610,688. Angalia mabano ya 3²: ni 1+3+9 = 13. Anayeandika (1+3)(1+3) = 16 anahesabu kigawo 3 mara mbili.

Ukitoa namba yenyewe unabaki na 1,977,042,798, jumla ya vigawo vidogo kuliko namba. Inaizidi namba, kwa hiyo namba yetu ni miongoni mwa zile ambazo vigawo vyake huzishinda. Hilo lilitarajiwa, kwani kila kigawe cha 6 kilicho zaidi ya 6 yenyewe kina sifa hiyo. Linalovutia zaidi ni uwiano. Jumla ya vigawo ikigawanywa kwa namba ni takriban 2.6014. Kwa 90 peke yake uwiano ni 234 ÷ 90 = 2.6 kamili. Namba tasa kubwa mbili zimeongeza kidogo mno, na karibu uzito wote umetoka kwenye 2, 3 na 5.

Idadi ya namba kuanzia 1 hadi 1,234,567,890 zisizoshirikiana nayo kigawo chochote zaidi ya 1 hupatikana hivi: kwa tasa yenye kipeo 1 tumia tasa hiyo kutoa 1; kwa 3² tumia 9 − 3 = 6. Basi 1 × 6 × 4 × 3,606 × 3,802 = 24 × 13,710,012 = 329,040,288.

Hakiki majibu haya mawili kwa baki la 9. Jibu la kwanza lina 234 ndani yake, nayo ni kigawe cha 9. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 36. La pili lina 24 na 3,606, kila moja kigawe cha 3. Tarakimu zake nazo zinajumlika kuwa 36. Kama umepata jumla nyingine isiyo kigawe cha 9, umekosea kuzidisha mahali fulani.

Hatua ya 8: Miraba

Je, namba hii ni tofauti ya miraba miwili, kama ilivyokuwa 13,717,421? Hapana. Ikigawanywa kwa 4 inabaki 2, na tofauti ya miraba miwili haiwezi kubaki 2. Ndiyo maana Fermat hatumiki kabla ya kuiondoa 2.

Je, ni jumla ya miraba miwili? Sharti ni kwamba kila namba tasa inayobaki 3 ikigawanywa kwa 4 iwe na kipeo shufwa. 3 ina kipeo 2, imepita. Lakini 3,607 = 4 × 901 + 3, na kipeo chake ni 1. Hapo imeanguka. 3,803 nayo ni hivyo hivyo.

Miraba mitatu inawezekana. Namba zisizowezekana ni zile tu ambazo, baada ya kuondoa kila 4 iliyomo, hubaki 7 zikigawanywa kwa 8. Yetu haina 4 ndani, na tarakimu tatu za mwisho (890) zikigawanywa kwa 8 zinabaki 2. Nadharia inasema ipo. Kuipata ndiko kunahitaji kazi. Toa mraba mkubwa unaokaribia, kisha uliza kama kilichobaki ni jumla ya miraba miwili:

35,136²: kinabaki 29,394 = 2 × 3² × 23 × 71. 23 inaharibu.
35,135²: kinabaki 99,665 = 5 × 31 × 643. 31 inaharibu.
35,134²: kinabaki 169,934 = 2 × 84,967, na 84,967 hubaki 3 kwa 4. Haifai.
35,133²: kinabaki 240,201 = 3² × 13 × 2,053. Hii inafaa.

13 = 3² + 2², na 2,053 = 42² + 17². Ziunganishe: 3×42 + 2×17 = 160, na 3×17 − 2×42 = −33, basi 13 × 2,053 = 160² + 33². Zidisha pande zote kwa 3 kwa ajili ya ile 3²: 480 na 99. Kwa hiyo

1,234,567,890 = 35,133² + 480² + 99²

yaani 1,234,327,689 + 230,400 + 9,801.

Hatua ya 9: Zidisha uone tarakimu zinavyohama

×2 = 2,469,135,780
×4 = 4,938,271,560
×5 = 6,172,839,450
×7 = 8,641,975,230
×8 = 9,876,543,120

Kila jibu lina tarakimu zote kumi, mara moja moja. Kwa ×3 (3,703,703,670) na ×6 (7,407,407,340) mpango unavunjika, kwa kuwa 3 na 6 zinashirikiana kigawo na 9. Chanzo ni kwamba 81 × 1,234,567,890 = 99,999,999,090, na 1 ÷ 81 yenyewe ni 0.012345679012345679…

Mstari wa ×8 una faida nyingine. Namba iliyopangwa kinyume, 9,876,543,210, ni 8 × 1,234,567,890 + 90. Kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha namba hizo mbili kwa kugawanya mfululizo kunaishia hatua mbili: baki la kwanza ni 90, na 90 inaingia kwenye 1,234,567,890 bila baki. KKS ni 90.

Hatua ya 10: Desimali radidi ya 1 ÷ 1,234,567,890

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na kikokotoo hakiwezi kulijibu kwa kuonyesha. Huanza 0.00000000081000000737… na mwishowe itajirudia. Baada ya tarakimu ngapi?

Kwanza tenga 2 na 5. Kila moja ina kipeo 1, hivyo ni tarakimu moja tu baada ya nukta isiyohusika na marudio. Kwa sehemu iliyobaki, 9 × 3,607 × 3,803, tafuta kwa kila moja kipeo kidogo kabisa cha 10 kinachobakisha 1.

Kwa 9: 10 inabaki 1 mara moja. Kipeo ni 1.

Kwa 3,803: kipeo lazima kiingie kwenye 3,802 = 2 × 1,901, na 1,901 ni tasa. 10 kwa kipeo cha 1,901 inabakisha 1, na kipeo 1 hakitoshi. Jibu ni 1,901.

Kwa 3,607: kipeo kinaingia kwenye 3,606 = 2 × 3 × 601. Pima vipeo vitatu: 1,803, 1,202 na 6. Kama hakuna kinachobakisha 1, jibu ni 3,606 yenyewe. Usizidishe 10 mara elfu. Rudia kuzidisha baki kwa lenyewe, na tumia mabaki hasi ili namba zibaki ndogo:

10² → 100
10⁴ → −821
10⁸ → −468
10¹⁶ → −1,003
10³² → −344
10⁶⁴ → −695
10¹²⁸ → −313
10²⁵⁶ → 580
10⁵¹² → 949
10¹⁰²⁴ → −1,149

Kwa kuwa 1,202 = 1,024 + 128 + 32 + 16 + 2, zidisha mabaki ya hizo tano, ukipunguza kila mara. Utapata 1,399. Kuna hakikisho zuri hapa: baki hili likizidishwa kwa lenyewe hutoa 2,207, na 1 + 1,399 + 2,207 = 3,607 kamili. Ukikosea kwenye jedwali, karibu kila mara jumla hii haitakubali. Kwa 1,803 = 1,024 + 512 + 256 + 8 + 2 + 1 utapata −1. Kwa 6 utapata 861. Hakuna 1, basi kipeo ni 3,606.

Urefu wa marudio ni Kigawe Kidogo cha Shirika cha 1, 3,606 na 1,901. Haya mawili ya mwisho hayashirikiani kigawo, basi ni 3,606 × 1,901 = 6,855,006. Desimali hii hujirudia kila baada ya tarakimu milioni sita, laki nane na hamsini na tano elfu na sita.

Hatua ya 11: Namba hii ndani ya kompyuta

Igawanye kwa 16 mfululizo. Mabaki, kuanzia la kwanza, ni 2, 13, 2, 0, 6, 9, 9, 4. Yasome kutoka mwisho, ukiandika D badala ya 13: 499602D2. Kila tarakimu ya mfumo huu ni biti nne (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1), kwa hiyo katika mfumo wa mbili ni 1001001100101100000001011010010: biti 31, zikiwemo 1 kumi na mbili na 0 kumi na tisa. Njia ya kupitia 16 ni bora kuliko kugawanya kwa 2 mara thelathini na moja, ambako kuruka mstari mmoja ni rahisi sana.

Namba inaenea kwenye nafasi ya biti 32 yenye alama ya hasi na chanya, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Ukiizidisha kwa 2 tu, imepita: programu itakuonyesha −1,825,831,516. Jumla ya vigawo tuliyoipata hatua ya 7 nayo hupita kikomo hicho na kutokea kama −1,083,356,608. Tumia biti 64 tangu mwanzo.

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Sekunde 1,234,567,890 ni siku 14,288 na sekunde 84,690, yaani Ijumaa tarehe 13 Februari 2009, 23:31:30 UTC.

Mraba wa namba ndio unaowakosesha wengi kwenye lahajedwali, kwa sababu lahajedwali hutunza tarakimu 15 tu na zilizobaki huziandika sifuri. Mraba huu una tarakimu 19. Ukate kwa mkono: namba ni 12,345 × 100,000 + 67,890. Kisha

12,345² = 152,399,025, ongeza sifuri kumi
2 × 12,345 × 67,890 = 1,676,204,100, ongeza sifuri tano
67,890² = 4,609,052,100

Kila sehemu inaenea kwenye kioo cha tarakimu kumi. Panga sehemu hizo kwa uangalifu, moja chini ya nyingine kutoka kulia, na jumla ni 1,524,157,875,019,052,100. Lahajedwali lingeandika 1,524,157,875,019,050,000, na tofauti ya 2,100 ingepotea bila onyo lolote.